Tailscale na Windows App: kuingia kompyuta ya nyumbani kwa simu, na pale inapokwama

Uko kwenye foleni ya feri Likoni, faili la mteja limebaki kwenye kompyuta ya mezani kule Bamburi. Kati ya njia za bure za kulifuata kwa simu, Tailscale (programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri) pamoja na Windows App ya Microsoft (inayokuletea skrini ya kompyuta kwenye simu) ndiyo yenye udhia mdogo kuliko zote. Ila ina mipangilio kadhaa ambayo haijiwashi yenyewe, na usipoigusa mapema itakugomea siku unayoihitaji.

Wapo mafundi ambao bado hufungua mlango 3389 (namba ya kupitishia data) kwenye ruta ili Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuingia kompyuta ukiwa mbali, ipite. Kwenye laini nyingi za nyumbani mbinu hiyo haifui dafu, kwa sababu anwani ya IP ya umma mnaigawana na wateja wengine wa kampuni ya intaneti. Kujua ni rahisi: ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame anwani ya upande wa WAN, yaani wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungua milango mpaka uchoke, hakuna hodi itakayofika. Hata ukiwa na anwani ya umma yako peke yako, acha mlango huo ufungwe. Programu za wadukuzi husaka 3389 iliyo wazi usiku na mchana na kujaribu manenosiri.

Tailscale inaukwepa mkasa huo kwa kuzifanya simu na kompyuta zitoke nje zenyewe, zikutane, kisha zizungumze ndani ya njia iliyofichwa kwa WireGuard, teknolojia ya kuficha data. Kila kifaa hupewa anwani inayoanza na 100, na hapo pana mtego: zinatoka kwenye fungu lilelile la 100.64 hadi 100.127, kwa hiyo usichanganye ya ruta na ya Tailscale. Kuiweka ni kazi nyepesi. Pakua pande zote mbili, ingia kwa akaunti ileile, nakili anwani ya kompyuta uiweke kwenye Windows App.

Sasa mipangilio. Kwenye kompyuta, bofya alama ya Tailscale karibu na saa, ingia "Preferences", uwashe "Run unattended". Bila hiyo, stima ikipotea na kurudi, kompyuta itawaka na kusimama kwenye ukurasa wa nenosiri, na Tailscale itangoja mtu aingie kwanza. Pia ufunguo wa kila kifaa huisha baada ya siku 180. Kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, chagua kompyuta hiyo ubofye "Disable key expiry", la sivyo miezi sita ijayo utatolewa nje ukiwa mbali. Hilo la siku 180 tunalihesabu kuwa dosari yake kubwa, kwa sababu mtu wa kawaida halijui mpaka limpate.

Ikikwama, usianze kulaumu intaneti. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, zima Tailscale, ujaribu kwa anwani ya ndani, ile ya 192.168. Ikikataa hapo, shida iko kwenye kompyuta. Ikikubali, zima Wi-Fi, washa data na Tailscale, ujaribu tena kwa ile ya 100.

Kosa 0x204 kwenye Windows App maana yake simu haikuifikia kompyuta kabisa. Mara nyingi imelala. Ukurasa wa usimamizi unaonyesha ilionekana lini mara ya mwisho. Ukikuta ni saa nane usiku, hapo ndipo ilipolala au stima ilipokatika. Nenda "Settings", "System", "Power", uweke "Sleep" kuwa "Never"; skrini iache izime, haidhuru. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi, kabla Windows haijawaka) ya kompyuta ya mezani tafuta "Restore on AC Power Loss" uiweke "Power On". Kuiamsha kwa Wake-on-LAN, yaani kwa pakiti inayotumwa kwenye mtandao, kupitia Tailscale usihangaike nako: pakiti ile haipiti, labda uwe na kifaa kingine kisicholala humo nyumbani cha kuituma. Na ruta nayo ipate UPS ndogo ya volti inayolingana na adapta yake, mara nyingi 12. Kompyuta ikiwa hai na ruta imekufa, hujafanya kitu.

Ikifika lakini nenosiri linakataliwa, huenda unaandika PIN. PIN haikubaliki hapa. Jina ni barua pepe nzima ya akaunti ya Microsoft, na nenosiri ni la akaunti hiyo. Kama mashine imezoea PIN tu, ingia mara moja kwa nenosiri ukiwa mbele yake, ndipo ujaribu kwa simu.

Ikiunganisha lakini inakokota, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta uandike tailscale ping na jina la simu. Jibu likiwa na neno DERP, data inazungukia kwenye seva ya kati. Kusoma na kuandika kutawezekana, video sahau. Kwenye Android hakikisha pia hakuna VPN nyingine (programu ya njia iliyofichwa kama Tailscale), maana simu inakubali moja tu kwa wakati, na uitoe Tailscale kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa betri.

Jambo la adabu: ukiingia kwa njia hii, skrini ya nyumbani hujifunga. Mtoto aliyekuwa katikati ya katuni atakupigia simu.

Windows Home haipokei Remote Desktop, lazima Pro. Wenye Home watumie Chrome Remote Desktop, ambayo ni bure, haihitaji Tailscale, na inataka PIN ya tarakimu sita au zaidi. Ila yeyote aliye mbele ya skrini ataona kila unachofanya.