Pakiti ya Stempu za Tanganyika: Tuifungue Tuone

Haya ndugu zangu, karibuni tena, niko hapa hapa Mtwara. Leo mezani kuna pakiti ya stempu za Tanganyika, shilingi elfu arobaini, imekuja na basi la Dar. Muuzaji ameandika "mchanganyiko wa enzi za Mwingereza". Haya, tupasue.

Juu kabisa wamepanga twiga. Makusudi hayo, maana twiga ndiye anayeuza. Ngoja nisogeze kamera. Kichwa cheusi, fremu ya rangi. Twiga hawa walianza 1922, Mwingereza akiitawala nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Sura ya mfalme George wa Tano ilikuja 1927. Sasa angalieni fremu: senti 5 ya mwanzo ilikuwa zambarau yenye ukijivu, 1925 ikageuzwa kijani. Kwa hiyo mtu akikuletea ya kijani akakwambia ni ya 1922, mwambie aendelee na safari. Hii yangu ni ya kijani, na meno mawili ya pembeni, yaani vile vijino vya ukingo wa stempu, yamekatika. Kwenye tangazo hilo halikusemwa.

Hizi za Uhuru 1961 ni nyingi mno, zimejaza pakiti tu. Nzuri kutazama, za kawaida sana.

Nilichokuwa nakisubiri mimi ni hiki hapa. Toka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Majina matatu kwenye kipande kimoja. Ukiiona hii ya senti 50, jahazi la Ziwa Victoria, huwezi kujua ilibandikwa Kisumu, Kampala au Lindi. Kinachokwambia ni muhuri wa posta. Shikeni lenzi: L, I, N, halafu ukingo umekata. Lindi hiyo jamani! Tarehe imebaki nusu. Nyingine zote muhuri umegusa kona tu, kwa sababu zilibanduliwa kwenye bahasha na kuoshwa, na jina la posta likabaki kwenye karatasi iliyotupwa. Inaniuma hiyo.

Fikirieni mpango wa karanga wa Nachingwea, yale mashamba makubwa ya karanga ya serikali ya Mwingereza, ule ulioanza 1947, ukatelekezwa 1951. Wazungu kibao kule porini, wote wanaandika barua kwao. Bahasha nzima ya miaka ile, yenye muhuri wa Nachingwea unaosomeka, mimi naibadilisha na twiga wako wote, hata wenye meno kamili.

Kwa hiyo kwa elfu arobaini? Mtoto wa shule anayeanza, mnunulie, atajifunza rangi na miaka. Anayetafuta mihuri ya kusini asipoteze hela, akaulize kwenye masanduku ya wazee: Mikindani, Masasi, Newala. Na ukipata bahasha, usiloweke! Iache ilivyo.

Albamu waliyoniongezea bure siitumii. Plastiki yake laini, na kwa unyevu huu wa pwani, masika yakiingia tu gundi inaganda humo, stempu haitoki bila kuchanika. Mimi natia kwenye bahasha za karatasi, kisha kwenye bati la biskuti lenye mfuniko wa kubana.

Mwenye muhuri wa Mikindani nyumbani, hata uliofifia, apige picha anitumie. Tutausoma pamoja video ijayo.