Kisumu hadi Dallas kwa ekonomi, na mama mzee: venye ilikuwa

Kabla mtu aniulize ni kampuni gani za ndege, majina nabaki nayo, zile mbili zenye zilitupeleka na ule mji wa Ulaya tulibadilishia ndege, juu kuna malalamiko yangu bado yako kwao na sitaki kuharibu. Lakini safari yenyewe nitaieleza yote, maana reviu nyingi naona ni za vijana wamebeba hedifoni, wanasema siti iko poa, sinema ziko poa, kwisha. Mimi nilikuwa napeleka mama kutoka Kakamega akalee mjukuu. Mama ako na presha, magoti yanamsumbua, na nyumbani hawezi maliza lisaa limoja kwa kiti bila kuamka kuona kama kuku wameingia jikoni. Mtu kama huyo ukimkalisha ekonomi ndio utajua siti ni nini.

Tuanze na kuchagua, hapo ndio watu wengi wanachomeka. Ejenti wetu, ofisi yake iko Oginga Odinga Street, alituwekea njia tatu. Kuna Kenya Airways ya moja kwa moja Nairobi hadi New York, ile walianzisha Oktoba 2018, hiyo ni masaa kama 15 hewani bila kukanyaga chini, ukifika New York unapanda nyingine karibu masaa manne hadi Dallas. Kuna kupitia Doha ama Dubai, hapo unaenda masaa tano hivi, unashuka, halafu inakuja ile yenyewe ya kama 16. Halafu kuna Ulaya, nane na kitu, unapumzika, kisha kumi na kidogo. Kila mtu ataangalia bei kwanza, na ata mimi niliangalia, lakini baada ya hapo usiangalie jumla ya masaa, angalia kipande kirefu kabisa ni masaa ngapi. Jumla zinakaribiana tu. Mwenye anaumia ni yule wa kukaa 16 mfululizo, kwa mzee wa magoti hiyo hapana, na tofauti ya bei kati ya rahisi kabisa na hii yetu ilikuwa bei ya mbuzi mmoja mzuri. Mimi nauza mbuzi. Kama wewe ni kijana na miguu yako inakubali, chukua ya New York ulale, uamke Marekani ni asubuhi, sina neno. Na kama njia inapitia London, mambo ya transit visa, ile visa ya kupita tu kubadilisha ndege, ulizia kabla hujatoa pesa, usingoje kaunta.

Kitu cha pili, na hii nairudia kwa kila mtu wa huku kwetu: tiketi ianze Kisumu. Usinunue ya Kisumu–Nairobi peke yake kwa sababu umeona ofa. Jirani yetu alifanya hivyo. Ile ndege ndogo tiketi yake ya bei ya chini ni begi ya mkononi peke yake, kilo saba, na yeye alikuwa amejaza begi mbili za kilo 23 vile tiketi ya majuu ilimruhusu. Kilo 46 alilipia hapo kaunta, ofa ikageuka si ofa. Tena ndege ya asubuhi ikachelewa, na ya majuu haikumngoja juu kwa kompyuta yao hao wawili hawajuani. Ikiwa ni tiketi moja, begi inawekwa lebo Kisumu unaikuta Dallas, na ukicheleweshwa ni shida yao wakutafutie nyingine. Kisumu–Nairobi yenyewe sina mengi, ni dakika 45 hivi, unapewa maji mnashuka.

Tatu ni aina ya ndege. Ukibuki huwa inaandikwa pale chini kwa herufi ndogo, usiipite. Airbus A330 ekonomi kwa kawaida imepangwa mbili-nne-mbili, so mkiwa wawili mnachukua zile mbili za dirishani na hakuna mtu mgeni wa kuruka mkienda choo. Boeing 787 ni tatu-tatu-tatu. 777 siku hizi kampuni nyingi zimebana wakaweka tatu-nne-tatu, siti inakuwa na upana wa inchi 17 hivi, mabega yako na ya jirani yanakuwa ya ukoo mmoja. Sisi ya kwanza ilikuwa A330, ya pili 777, na tofauti ata mama aliijua bila kuambiwa.

Sasa kipande cha kwanza, Nairobi hadi Ulaya, usiku. Hawa nawapa nane kwa kumi. Kiti cha magurudumu nilikuwa nimeombea wakati wa kubuki, ni bure, na usingoje siku ya safari, mwambie ejenti aandike mapema. Kijana wa JKIA, ule uwanja wa ndege wa Nairobi, akamchukua mama kutoka kaunta hadi mlango wa ndege, foleni zote tunapita pembeni, mama anasalimia watu kama mheshimiwa. Ndani, mhudumu mmoja akamuona anahangaika na mkanda, akapiga magoti kabisa hapo kwa njia, akamwonyesha polepole: vuta hii, inua hii, sasa fungua mwenyewe. Akamfanya arudie. Mama akamwambia "asante mwanangu, Mungu akuzidishie" na yule binti mzungu akajibu asante kwa Kiswahili, sijui alijifunzia wapi, tangu hapo mama alikuwa akimwita yeye tu.

Chakula pia nilikuwa nimeombea ile ya watu wa chumvi kidogo. Hata kama huumwi fikiria hiyo, chakula cha kuombwa huletwa kwanza kabla troli haijaanza, unakula wengine bado wanasubiri. Ilikuwa samaki, viazi na mboga ya kuchemsha, mama alisema haina ladha lakini imeiva. Kwa chai ndio hatukusikilizana. Unapewa kikombe cha maji moto, majani kwa kikaratasi chenye kamba, na kidumu cha maziwa kinachotosha paka. Mama alichungulia kile kikombe, akaniangalia, akauliza, "Na hii nani atachemsha?" Alikunywa maji tu.

Maji sasa. Wazee wetu wana tabia ya kukataa kunywa ili wasisumbue kwenda choo, usikubali. Hewa ya ndani ni kavu sana, unyevu huwa chini ya asilimia 20, midomo inapasuka na kichwa kinauma. Nilibeba chupa tupu, ukishapita sekyuriti unajaza. Na soksi za kubana miguu tulinunua kemisti Kakamega kabla ya kutoka, daktari wake ndiye alisema, juu ukikaa masaa manne na zaidi bila kutembea hatari ya damu kuganda miguuni inaongezeka karibu maradufu, hiyo Shirika la Afya Duniani walitoa mwaka wa 2007, ingawa kwa jumla bado ni wachache wanaopata. Tulikuwa tunatembea hadi jikoni kwa nyuma na kurudi. Dawa za presha ziwe kwa begi ya mkononi, zisiingie ile kubwa, na saa ya kumeza muulize daktari kabla maana Dallas wakati wa joto iko nyuma yetu masaa nane.

Kipande cha pili kilikuwa cha kampuni nyingine, na hawa nawapa nne, na moja kati ya hizo ni ya rubani kwa vile alitua. Siti tulikuwa tumechagua na tumelipia, tumefika hapo mlangoni tunaambiwa ndege imebadilishwa, mama amewekwa safu ya 38 mimi 44, zote za katikati. Nikasimama hapo kaunta sikutoka. Hakuna kelele, nilionyesha tu risiti na kile kiti cha magurudumu na nikauliza mzee akitaka choo usiku atamwamsha nani. Wakatupatia pamoja, lakini ile pesa ya siti hawakurudisha. Skrini ya mama ikakataa kuwaka, wakaizima wakaiwasha tena mara kadhaa, wapi. Masaa kumi. Ikabidi atumie yangu, na hakutaka sinema, alitaka ile ramani yenye kandege, anafuata bahari: "Bado tuko kwa maji?" Bado mama. Halafu chakula, sisi tulikuwa karibu mwisho, ikifika kwetu kuku imeisha imebaki pasta, na ile oda ya chumvi kidogo haikuonekana kwa orodha yao. Kwa bahati mama alikuwa na njugu karanga na mikate mbili za ngano alizopika mwenyewe, amefunga na kitambaa. Jirani wa dirishani akaonja, akaomba ya pili.

Dallas ndio ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Marekani unachukua begi zako pale pa kwanza unapoingia nchi, kwa hivyo mwenye amepitia New York anazitoa, anapita kastamu, anazirudisha tena, sisi tulizitoa mara moja tu. Kuku wa kukaanga nilikuwa nimekatazia mama huku nyumbani, tukakosana siku mbili, nyama hawaruhusu. Omena ni samaki, na unga wa wimbi hauna shida, lakini yote unasema uko nayo, kuficha ndio faini. Afisa akafungua ile omena, harufu ikatoka vizuri, akaifunga haraka haraka akatuambia karibuni.

Hiyo kampuni ya pili niliwaandikia na picha za risiti na ile skrini. Wamejibu, wanataka kunipa vocha ya kusafiri nao tena. Nimewaambia nataka pesa ya siti, vocha wampe rubani. Mama akirudi Desemba ni kwa ile ya kwanza, A330, mbili za dirishani, na nimeshalipa mapema juu Desemba bei inapanda hadi inatia kizunguzungu.