Kijijini au mjini: usiku ndio unaoamua

Tangu mwaka 2007 hivi, zaidi ya nusu ya watu duniani wanaishi mijini, na sababu zao nazielewa. Lakini usiku, kijiji kinashinda. Lami na zege la mjini hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa gizani. Shamba hupoa mapema, na bila taa za barabarani kundi la nyota la Kilimia linaonekana wazi.

Mzigo wa kijiji ni umbali. Mgonjwa akizidiwa saa nane usiku, mjini unaita teksi. Kijijini unaanza kumtafuta mwenye gari. Majirani watakuja wote, kweli, ila kesho yake watajua hata ulichotapika. Intaneti? Mjini unahama chumba, kijijini unapanda kilima.

Mzee au mjamzito ningemshauri mji. Mimi miguu bado ninayo.