iSpy WebGL darasani: anza kwa kuficha kila kitu

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Miaka yote chembe ndogondogo nimezichora ubaoni kwa chaki: duara, mshale, basi. Muhula huu nimejaribu iSpy WebGL, programu inayoonyesha migongano ya protoni iliyonaswa na kigunduzi cha CMS, mtambo wenye umbo la pipa kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, na sitarudi kwenye chaki peke yake.

Hainunuliwi wala haihitaji kusakinishwa. Inafunguka kwenye kivinjari. Kompyuta yetu kuukuu ya maabara iliimudu. Unafungua faili la data, unabonyeza mshale, tukio linafuata tukio.

CMS ina tani 14,000, na mwanzoni pipa lote hilo linakujia kwa rangi zake, ulizungushe utakavyo. Vijana walishangilia ila hawakuelewa kitu. Ushauri wangu kwa walimu wenzangu: ondoa tiki kwenye karibu sehemu zote za kigunduzi, kisha chagua mwonekano wa XY, kama mtu anayechungulia pipa kupitia mdomo wake. Hapo ndipo somo linaanza. Mistari ya njano ni njia za chembe zenye chaji. Uliopinda sana, momenta yake (masi mara kasi, kwa lugha rahisi) ni ndogo. Mstari wa muoni, chembe iliyo kama elektroni ila nzito zaidi, ni mwekundu. Ndani ya sumaku ya tesla 3.8 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku) unapinda upande mmoja, ukishatoka nje unapinda upande wa pili. "Mwalimu, mbona umegeuka?" aliuliza binti wa dawati la mbele. Tulikaa hapo nusu saa nzima, kila mtu kakunjua vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwa kanuni ya Fleming (uga, mkondo, kani), akitafuta uga sumaku umeelekea wapi.

Ukibofya muoni unapata momenta na pembe zake kwa tarakimu. Niliwagawia matukio yenye muoni mbili, wakakokotoa masi ya chembe iliyozizaa. Mmoja akapata GeV 93 (kipimo cha nishati tunachopimia pia masi ya chembe), mwingine 88. Bozoni Z, chembe nzito inayoweza kuvunjika kuwa muoni mbili, ina 91 hivi. Kijana wa nyuma akapata 12, akaanza kufuta. Nikamzuia: hesabu yake ilikuwa sahihi, si kila jozi inatokana na Z. Namba yake ipo kwenye grafu ya manila tuliyobandika ukutani, peke yake kule kushoto.

Menyu zote ni za Kiingereza, kwa hiyo andaa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili mapema. Na usiwape kwenye simu. Kioo ni kidogo mno kubofya mstari mmoja katikati ya mia.