Kifurushi cha kipimo cha aleji kwa mtoto, Tsh 450,000: nyota 2 kati ya 5

Niliahidi kuandika hii tangu mwezi wa nne, leo mtoto kalala mapema ngoja niimalize. Mwanangu ana miaka 3, ana pumu ya ngozi tangu mchanga, nyuma ya magoti na kwenye viwiko anajikuna usiku mpaka shuka linatoka na damu, na kila mtu ana ushauri wake, mama mkwe anasema samaki, jirani anasema maziwa, dada wa saluni yeye kasema mafuta ya nazi tu yanatosha. Nikaona tangazo la kituo kimoja cha lishe hapa Dar (jina sitaji), wanapima damu, wanakwambia chakula gani kinamdhuru mtoto, wanakupangia ratiba ya kuviondoa na dada wa lishe anakufuatilia WhatsApp miezi miwili. Nikaingia.

Hizo nyota 2 ni za huduma, nisiwe mchoyo. Foleni hamna, kijana aliyetoa damu ana mkono mwepesi mpaka mtoto alisahau kulia, na yule dada wa lishe anajibu meseji hata saa 4 usiku.

Sasa majibu. Karatasi ina vyakula 90, kila kimoja na rangi yake. Nyekundu: maziwa ya ng'ombe, ngano, karanga, soya, maharage, ndizi, dagaa. Nikaisoma mara mbili nikacheka mwenyewe, yaani kama mtu kafungua kabati langu la jikoni akaandika alichokikuta humo. Asubuhi mtoto anakunywa uji wa lishe, karanga, soya na ngano vyote vimo, mchana maharage au dagaa, jioni ndizi na maziwa. Na mayai? Kijani! Mayai ambayo akionja tu midomo inavimba hazipiti dakika 10, nilishawaambia siku ya kwanza na kwenye fomu wakaandika, halafu ratiba ikaja imepanga mayai mara tatu kwa wiki "kufidia protini". Hapo ndo nilitakiwa nishtuke. Mayai sikumpa ila mengine nikafuata, hela si nishalipa.

Miezi miwili ya wali, viazi, kuku na maboga. Maziwa ya ng'ombe wakasema niweke ya mbuzi, unga usio na ngano supamaketi bei yake usiulize, na bibi yake akawa anampa maandazi kwa siri nyuma ya mlango wa jikoni (nilimkuta na sukari mdomoni, wote wawili wakakana). Ngozi ikatulia wiki mbili za mwanzo nikatangaza kwa ndugu zote, wiki ya tatu ikarudi vilevile. Uzito ulitoka kilo 13.6 ukaja 12.7. Nesi kliniki kaangalia kadi, kaniangalia mimi, kauliza "mama, nyumbani kuna shida?" Niliona aibu ile siku.

Akanituma kwa daktari wa watoto, nikampelekea na karatasi. Kumbe kile kipimo ni cha IgG, aina moja ya kingamwili za kwenye damu, na IgG mwili unaitengeneza kwa chakula unachokutana nacho, ukila maharage kila siku itaonekana ya maharage, ni kumbukumbu tu, sio ugonjwa. Ndo maana karatasi ilifanana na kabati langu! Aleji ya kuvimba midomo kama ile ya mayai ni kitu kingine, inatokana na kingamwili nyingine inaitwa IgE, na kile kipimo hakiiangalii kabisa. Vyama vya madaktari wa aleji vya Ulaya, Marekani na Kanada vimeshasema kipimo cha IgG kisitumike kutafuta aleji ya chakula, wa Ulaya wamesema tangu 2008, na huku bado tunauziwa. Na maziwa ya mbuzi? Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto mwenye aleji kweli ya maziwa ya ng'ombe mara nyingi hata ya mbuzi yanamdhuru.

Kuondoa chakula sio uongo wote lakini, hiki ndo sikukijua. Daktari anasema unaondoa kimoja, kile unachokishuku kwa sababu, wiki 2 mpaka 4, halafu unakirudisha uone. Kurudisha ndo kipimo chenyewe! Ratiba yangu ilikuwa na ukurasa mzima wa kuondoa, wa kurudisha haupo. Kingine kilichonitisha, mtoto mwenye pumu ya ngozi ukimkatia maziwa muda mrefu wakati alikuwa anakunywa bila shida, siku ukirudisha mwili unaweza kuyakataa kwa nguvu, hata kushindwa kupumua. Kwa hiyo ya kwanza alinyweshwa palepale hospitali, kijiko kimoja, tunasubiri, viwili, tunasubiri, masaa mawili nimekaa kwenye benchi natetemeka na yeye anacheza na kifuniko. Hakupata kitu. Karanga nazo ndo usiseme, utafiti wa Uingereza wa 2015 ulichukua watoto wachanga zaidi ya 600 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai, waliolishwa karanga mapema walipata aleji ya karanga mara chache sana kuliko walionyimwa.

Sasa hivi anakula vyote isipokuwa mayai. Ngozi imetulia kwa krimu aliyoandikiwa na mafuta ya mgando, nampaka mwili mzima akitoka tu kuoga kabla hajakauka, kopo elfu nne. Kilo 14.1 wiki iliyopita.

Kituo niliwaandikia wanirudishie walau hela ya kipimo, wakanijibu vizuri kabisa na emoji ya moyo, wananipa punguzo la asilimia 20 nikirudia kupima. Ukitaka kwenda pale mwombe yule dada akupangie chakula cha mtoto wa kawaida, anajua kazi na anafundisha vizuri. Damu mwambie mtoto hatoi.