Uzoefu wangu na Revo Uninstaller ya bure: inachong'oa na inachoacha

Naitumia Revo Uninstaller ya bure, programu ya kuondolea programu nyingine, kwenye Windows 10 na Windows 11, na kazi yake kubwa kwangu ni programu ambazo hakuna aliyeziomba: upau wa utafutaji uliojipachika kwenye kivinjari, "kisafishaji" kinachodai kompyuta ina makosa mamia na kutaka ulipie, kicheza video kilichoingia kimebebwa na programu nyingine. Kwa mabaki, yaani faili na maingizo yanayoachwa baada ya kuondoa, ni nzuri sana. Kwa programu kaidi ni ya wastani. Kwa kivinjari kilichotekwa, peke yake haifui dafu.

Kwanza ieleweke kwa nini njia ya kawaida hushindwa. Unapobofya kusanidua kwenye mipangilio, Windows haifuti faili za programu yenyewe. Inasoma mstari uitwao UninstallString ulio kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall (za biti 32 zina tawi lao, WOW6432Node, na zilizosakinishwa kwa mtumiaji mmoja ziko HKEY_CURRENT_USER), kisha inaendesha kiondoaji alichokiandika mwenye programu. Ni kama kumwachia mpangaji mkorofi ajiandikie mwenyewe notisi ya kuhama. Akitaka kuacha nusu ya vitu vyake ndani, anaviacha.

Revo nayo huanzia hapohapo: inatengeneza pointi ya kurejesha mfumo (hali ya mfumo iliyohifadhiwa, unayoweza kuirudia mambo yakiharibika), inaita kiondoaji kilekile, halafu ndipo inafanya yake, yaani kupekua kilichobaki. Kuhusu hiyo pointi ya kurejesha, usiiamini kwa macho. Kompyuta nyingi zina ulinzi wa mfumo uliozimwa. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, uangalie kichupo cha System Protection. Pia, kwa mpangilio wa kawaida, Windows haikubali programu itengeneze pointi mpya kama ya mwisho haijatimiza saa 24. Ukiondoa programu tano kwa mkupuo, huenda ukajikuta na pointi moja tu, ya mwanzo. Mimi huitengeneza kwa mkono kwenye dirisha hilohilo kabla ya kuanza.

Kiondoaji kinapofunguka, soma kila kitufe. Programu za aina hii hupenda kuweka kitufe kikubwa chenye rangi kwa ajili ya kubaki, na maandishi madogo ya kijivu kwa ajili ya kuondoka. Mwisho kikikuuliza kama uwashe upya kompyuta sasa hivi, kataa, maana ukikubali unapoteza upekuzi wa mabaki, na upekuzi ndio sababu ya kutumia Revo. Jambo jingine linalowaponza watu: viondoaji vingi hujinakili kwenye folda ya Temp na kuendelea kutoka huko, kwa kuwa faili inayoendeshwa haiwezi kujifuta. Ile ya awali inafunga papo hapo, na Revo inaweza kudhani kazi imekwisha. Usibonyeze kupekua mpaka dirisha la kiondoaji lenyewe limefungwa.

Upekuzi una viwango vitatu: Safe, Moderate na Advanced. Moderate unatosha karibu kila mara. Advanced unaleta mengi zaidi, lakini ukiuchagua jipe muda wa kusoma mstari kwa mstari. Kwenye orodha ya rejista, yatakayofutwa ni yale yaliyoandikwa kwa herufi nzito tu. Mengine yameonyeshwa ili uone tawi liko wapi. Kwenye faili, mabaki ya kweli mara nyingi hukaa ProgramData, AppData\Local na AppData\Roaming. Kuwa mwangalifu na folda yenye jina la kampuni badala ya jina la programu, kwani inaweza kuwa na programu nyingine ya kampuni hiyohiyo unayoihitaji. Na chochote kilicho ndani ya Common Files, folda inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, mimi sikitii alama. Faili ikiwa imeshikiliwa, Revo itakwambia itafutwa kompyuta itakapowashwa tena, na hapo ndipo sasa unawasha upya.

Sasa ukaidi. Programu mbaya zaidi huendesha michakato miwili inayolindana: ukiua mmoja, wa pili unaufufua kabla hujasogeza kipanya. Revo haina dawa ya hilo. Fungua resmon (kifuatilia rasilimali cha Windows), nenda kichupo cha CPU, bofya kulia kila mmoja na uusitishe kwanza. Mchakato uliositishwa bado unaonekana uko hai, kwa hiyo mwenzake hastuki, ila hauwezi kufanya lolote. Yote miwili ikishalala, iue, kisha endesha Revo.

Mlinzi huyo anaweza pia kuwa huduma ya mfumo. Fungua services.msc, bofya huduma mara mbili, uchukue jina la huduma lililo juu kabisa, si lile la maonyesho kwenye orodha. Kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi, andika sc.exe stop na jina hilo, halafu sc.exe delete na jina hilo. Usiache ile .exe, kwani kwenye PowerShell inayokuja na Windows, sc peke yake ni amri nyingine kabisa ya kuandika kwenye faili.

Kisha taskschd.msc, kipanga kazi cha Windows kinachoendesha programu kwa ratiba. Hapa ndipo programu iliyofutwa juzi hurudi leo. Tafuta kazi zinazoita faili iliyo ndani ya AppData, hasa yenye jina lisilosomeka. Izime kwanza, itazame siku chache, ndipo uifute.

Wengi hushauri kukimbilia hali salama (Safe Mode), ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Inasaidia kufuta faili zilizoshikiliwa, ila ina mtego wake: huduma ya Windows Installer haifanyi kazi humo kwa kawaida. Kiondoaji chochote ambacho mstari wake unaanza na MsiExec.exe kitagoma. Hicho kiendeshe kwenye Windows ya kawaida.

Kivinjari ni hadithi yake. Kiendelezi kisichokubali kufutwa, na maandishi yanayodai kivinjari kinasimamiwa na shirika wakati kompyuta ni yako, maana yake kuna sera imepachikwa kwenye rejista. Andika chrome://policy au edge://policy; ukiona ExtensionInstallForcelist, sera inayolazimisha kiendelezi kisakinishwe, umempata mkosaji. Kwa Chrome sera hizo hukaa HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Hifadhi nakala ya tawi hilo kabla ya kulifuta, na kama kompyuta ni ya kazini usiliguse kabisa. Zima usawazishaji wa akaunti kabla ya kufuta kiendelezi, usije ukarudishiwa ulichokitoa. Angalia pia njia ya mkato ya kivinjari: baada ya .exe na alama ya kufunga nukuu hapatakiwi anwani ya tovuti. Na kama baada ya usafi intaneti imekatika, kaangalie mipangilio ya proksi (mpatanishi ambaye mtandao hupitia). Mara nyingi imebaki 127.0.0.1, yaani kompyuta yako yenyewe, ikielekeza kwenye programu ambayo haipo tena.

Kwa sehemu hii ya kivinjari huongeza AdwCleaner, programu ya kung'oa matangazo na vitu vilivyojipachika kwenye kivinjari, ambayo tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Haihitaji kusakinishwa, na inachokitoa inakiweka karantini, kwa hiyo unaweza kukirudisha. Iendeshe baada ya Revo, si kabla, kwani ikitangulia kung'oa vipande, kiondoaji cha programu kinaweza kuharibika na kukwama katikati.

Je, kulipia toleo la Pro? Kinachokosekana kwenye la bure ni kuondoa kwa nguvu programu isiyoonekana tena kwenye orodha, na kurekodi usakinishaji unapofanyika. Nionavyo mimi, mtu mwenye kompyuta moja hana sababu ya kulipa. Kwa programu yatima kama hiyo isiyo kwenye orodha ipo Bulk Crap Uninstaller, ya bure na yenye msimbo huria, ambayo pia huondoa nyingi kwa wakati mmoja na hukupa kiwango cha uhakika kwa kila baki. Sura yake imejaa vitufe, utaizoea.

Antivirasi sizitoi kwa Revo. Huwa zimeweka draiva zinazochuja mtandao, na draiva ikibaki bila programu yake unaweza kukosa intaneti kabisa. Watengenezaji wakubwa wana zana zao za kuondolea. Ipakue kabla hujaanza, wakati mtandao bado upo.