Nilimlipa mtu aje kucheza na mwanangu

"Kwa hiyo hela yote hiyo ni ya kuja kucheza?" Mume wangu aliniuliza hivyo wiki ya kwanza, nikakosa jibu. Mtaalamu wa tiba alikuwa ameshinda saa nzima mkekani anarusha puto na binti yetu, akaondoka na shilingi 40,000 zake na nauli ya bodaboda juu.

Binti ana miaka mitatu. Mtindio wa ubongo umemdhoofisha upande wa kulia. Mkono anaukunja kifuani, ngumi imefumbwa. Zamani tulikuwa tunampeleka kliniki moja, foleni tangu alfajiri, kisha dakika ishirini za kunyooshwa viungo huku analia. Ikafika mahali akiona koti jeupe, hata la muuza nyama, anaangua kilio. Ndipo nikatafuta wa kuja nyumbani, huku Tabata, Dar es Salaam.

Huyu dada ni wa tiba kwa vitendo, yaani anamzoeza mtoto kutumia viungo kwa michezo na kazi za kila siku. Siku ya kwanza hata hakumgusa mtoto. Alizunguka jikoni kwangu, akaomba vibanio vya nguo, ndizi mbivu na soksi. Soksi akaivalisha mkono wa kushoto, ule mzima, kisha akamwekea vipande vya ndizi mbele. Binti akajaribu kuivua kwa meno, ikagoma, akanuna. Nilitaka kunyanyuka nimlishe, dada akanishika goti, "Mama Nuru, subiri." Nikasubiri huku moyo unaniuma. Mwishowe kile kidole gumba kikafunguka kidogo. Kipande cha kwanza kikapondeka kiganjani, cha pili kikaishia puani, cha tatu kikaingia mdomoni. Kwa mkono wa kulia.

Alinieleza kwamba mtoto wa hivi huzoea kuusahau mkono dhaifu kwa kuwa ule mzima unamaliza kazi zote. Ukiufunika mzima kwa muda mfupi, dhaifu unalazimika kujaribu. Ila si kutwa, na si wakati anatembea, maana akianguka atajikinga na nini?

Kila akija ananiachia kazi. Nikisukuma chapati, binti naye ana donge lake la kukanda. Vibanio nimevining'iniza kwenye kamba iliyo juu yake kidogo, ili akivibandua anyooshe kiwiko. Kuna na vifuniko vya soda vya kutumbukiza kwenye kopo. Akichezea vifuniko nakaa naye mwanzo mwisho, kwani kila kitu kinaelekea mdomoni.

Bibi yake aliona tunamtesa mjukuu, akawa anaivua soksi kisirisiri. Tukampa kazi ya kucheza naye ukuti ukuti, maana pale lazima washikane mikono yote miwili, na sasa hakuna anayemshinda.

Lawama ninazo. Dada anachelewa: saa tatu yake ni saa nne na nusu, na muda huo mtoto ana usingizi, hela imepotea. Maendeleo hakuwa akiyaandika popote mpaka nilipomnunulia daftari mwenyewe. Bima yangu hailipii huduma ya nyumbani, kwa hiyo tumeshuka toka kila wiki hadi mara mbili kwa mwezi.

Ukitafuta wako, muulize mapema kama atakufundisha na wewe. Akikwambia umsubiri nje ya chumba, mshukuru, tafuta mwingine.